Jiwe la karbire: kwa shamba la mananasi ndiyo, juu ya ndizi hapana

Wachimbaji wa zamani wanalijua jiwe la karbire. Katika migodi mingi ya dunia, kabla ya taa za umeme, mwanga ulitoka katika jiwe hilo la kijivu: unaangusha maji kidogo juu yake, gazi inatoka, unawasha. Leo tunaliona zaidi kwa mafundi wanaounganisha vyuma. Lakini kutoka kwa fundi limetembea, limefika pahali pawili: kwa shamba la mananasi na kwa soko la matunda. Wengi wanafikiri ni kazi moja. Hapana, ni kazi mbili, na tunataka kuzitenganisha hapa, kwa sababu moja inaingiza feza nyumbani na ingine inaingiza sumu.

Tuanze na sababu. Matunda yenyewe hutoa gazi inayoitwa etileni. Hatuioni kwa macho, lakini ndiyo inaamuru ndizi igeuke manjano na embe lilainike. Mwaka 1901, kule Urusi, mwanafunzi Dmitry Neljubow aliona mimea yake ya njegere inaota vibaya ndani ya nyumba, akatafuta chanzo na kukuta ni etileni katika gazi ya taa. Katika visiwa vya Azores vya Ureno, ambako wanalima mananasi ndani ya nyumba za vioo, walimaji walijua tangu karne ya 19 kwamba moshi ukifungiwa ndani, mananasi yote yanachanua kwa pamoja. Moshi una etileni ndani. Na gazi ya karbire, asetileni, ni kama ndugu yake mdogo: inafanya kazi ileile, lakini kwa nguvu kidogo.

Sasa tuje kwetu. Nanasi likiachwa peke yake, linangojea usiku mrefu na baridi ndipo lichanue. Huku kwetu Katanga baridi hiyo iko mwezi wa sita na wa saba. Kutoka kuchanua mpaka kuiva ni karibu miezi sita. Hesabu mwenyewe: matunda yote yanafika soko pamoja, wakati wa mvula, na bei inaanguka. Mama anarudi na nusu ya mzigo, na ingine inaoza. Lakini mwenye kuchanusha mananasi yake kwa wakati anaochagua, anauza wakati wengine hawana kitu. Anayetaka feza ya masomo mwanzo wa mwezi wa tisa, achanushe mwisho wa mwezi wa kwanza ao mwezi wa pili, kwa sababu baridi ya katikati inachelewesha tunda kuiva.

Namna ya kufanya iko hivi. Kwanza mmea uwe mkubwa, wenye majani 30 mpaka 40. Ukilazimisha mmea mdogo utachanua kweli, lakini utakupa tunda la kiasi cha ngumi. Majuma machache mbele ya kazi, usitie tena mbolea ya kuotesha majani, maana mmea ulioshiba mbolea hiyo unakataa kuchanua. Halafu chagua saa. Nanasi linafunga matundu ya majani yake mchana na kuyafungua usiku, basi kazi ifanyike usiku ao alfajiri, si saa ya jua kali. Mwenye zamu ya usiku anaweza kupita shambani mbele ya kwenda kulala.

Katika moyo wa mmea, pale majani yanapokutana, mara nyingi maji ya umande yanakaa. Kama hayako, mwaga maji baridi kidogo. Angusha ndani kipande kimoja cha karbire, kikubwa kama mbegu ya maharagi, si zaidi ya gramu 1. Kitachemka na kutoa gazi. Kisha siku 2 ao 3, rudia. Mvua kubwa ikinyesha saa chache baada ya kazi, hesabu kwamba kazi hiyo imepotea. Kisha majuma 6 mpaka 8 utaona moyo unageuka mwekundu: ua linakuja. Usichanushe shamba lote siku moja. Gawa mistari, leo hii, kisha mwezi ile, na utakuwa na cha kuuza kila mwezi.

Hapo karbire imeguswa na moyo wa mmea miezi mingi mbele ya tunda kuiva. Kwa soko mambo ni mengine. Kuna wachuuzi wanaoweka karbire imefungwa katika karatasi chini ya ndizi ao maembe mabichi, wanafunika, na kisha siku moja ao mbili rangi inageuka. Lakini karbire ya mafundi haikutengenezwa kwa chakula. Ndani yake mna masalio ya arseniki na fosfori, na yakikutana na maji yanatoa gazi za sumu. Anayeshika mzigo huo anazipumua, na vumbi linabaki juu ya maganda ambayo mtoto anatia kinywani. Inde imekataza kwa sheria kuivisha matunda kwa karbire. Na tunda lenyewe ni udanganyifu: nje manjano, ndani gumu, bila utamu. Ukiona ndizi zote ni manjano sawasawa, bila doa hata moja, na shina lao bado kijani kibichi, uliza mbele ya kununua.

Ingine tena: nanasi lililochumwa bichi haliongezi utamu tena, hata ulizungushie karbire gunia nzima. Rangi itabadilika, sukari hapana. Nanasi linaivia shambani. Ndizi, embe, papai na avoka ndizo zinaendelea kuiva kisha kuchumwa, na kwa hizo hauhitaji jiwe. Chukua karto ao gunia, weka matunda yaliyokomaa pamoja na ndizi moja ao mbili zilizoiva kabisa, funika, weka pahali pa joto. Ile iliyoiva itatoa etileni yake na kuamsha zingine. Ni siku 3 mpaka 5 tu, na haikugharimu hata franka moja.

Tunabaki na neno la nyumbani. Karbire haikai katika nyumba ambamo watoto wanalala. Iwekwe katika kopo kavu la chuma, lenye kifuniko, mbali na maji na mbali na moto. Watoto wanaoitia katika chupa yenye maji na kufunga, wanatengeneza bomu. Macho yanapotea hivyo. Usiishike kwa mkono wenye maji, na usivute tumbaku unapoifanyia kazi. Nanyi watu wa mukuba, sikieni hili vizuri: msiitie kamwe katika chombo cha shaba, maana gazi yake ikikutana na shaba inaweza kuzaa kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu.

Basi, baba mwenye mistari miwili ya mananasi nyuma ya nyumba, hesabu miezi yako na uchague siku. Mama mwenye meza ya ndizi, acha jiwe kwa fundi. Mteja aliyekula ndizi tamu kwako atarudi juma linalokuja, na watoto wake pia.