Kutoka Beki ya Kulia hadi Benchi la Walima Zabibu

Mecky Mexime alipokabidhiwa Dodoma Jiji, 'Walima Zabibu', kwa msimu wa 2024/25, wengi katika majukwaa ya Uwanja wa Jamhuri walimkumbuka akiwa na jezi: beki wa kulia wa Mtibwa Sugar iliyotwaa ubingwa wa Bara 1999 na 2000, na nahodha wa Taifa Stars. Jina la namna hiyo linamfanya kocha asikilizwe siku ya kwanza. Mwezi wa pili wachezaji wanataka kujua anafundisha nini.

Hapo ndipo nyota wengi wanapokwama. Winga akikata kuingia ndani, mguu wa beki mzoefu unatenda kabla hajafikiri, na jambo alilolifanya miaka kumi bila kufikiri ni gumu mno kulieleza. Kocha analazimika kulivunja vipande: beki asimame umbali gani, amsukumie winga upande upi, kiungo mkabaji afike saa ngapi kumsaidia, beki wa upande wa pili abane ndani kiasi gani. Kisha kila kipande kipate zoezi lake mazoezini, lirudiwe mpaka kijana wa miaka 20 alifanye akiwa amechoka, dakika ya 88. Hiyo ndiyo kazi ambayo kozi za leseni za CAF humwandaa mwalimu kuifanya.

Mexime alijifunza kazi hiyo polepole. Alianza kufundisha Mtibwa, klabu aliyoichezea, akahamia Kagera Sugar, timu isiyoweza kugombea wachezaji na Simba wala Yanga. Mei 19, 2018, mbele ya Rais John Magufuli, Kagera yake iliifunga Simba 1-0 kwa bao la Edward Christopher, siku Simba wanakabidhiwa kombe wakiwa hawajapoteza mchezo wowote wa ligi msimu ule. Kwangu hiyo ni kazi kubwa kuliko mataji mengi ya vigogo.

Baadaye akaifundisha Ihefu, timu ya Mbarali iliyohamia Singida, kabla ya kuja Dodoma. Huko kazi ilimdai zaidi ya mbinu. Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi likitoka Ruangwa walikocheza na Namungo, na mechi yao na Simba ikaahirishwa. Baada ya ajali, kazi ya kwanza ya benchi ni majeruhi na vijana walioingiwa hofu, mazoezi yanasubiri.

Kwa kuwa ualimu wa namna hii hujifunzwa polepole, nawaomba viongozi wa klabu za Dodoma na Singida: mchezaji mwenye jicho la ualimu apelekwe kozi ya awali ya ukocha akiwa bado anacheza, klabu ilipe ada, na jioni akabidhiwe timu ya vijana. Akisubiri mpaka atundike daluga, atakuwa ameanza amechelewa.