Kilo mbili za mbuzi zilizotikisa biashara ya vitunguu

Sinia lilipotua mezani, hakuna aliyenyoosha mkono. Tulikuwa tumekaa chini ya mgunga kwa karibu saa mbili, tukinywa soda na kutazama moshi ukipanda nyuma ya baa, na kila mmoja wetu alikuwa na njaa ya kweli. Lakini nyama iliyoletwa ilikuwa imejikusanya katikati ya sinia kama inayoona aibu. Nusu yake ilikuwa mifupa ya shingo. Pembeni kulikuwa na ndizi chache za kuchoma na kachumbari isiyo na limau. Mteja wa Nairobi aliitazama, akatabasamu, kisha akauliza kwa sauti ya chini: “Hii ni kilo mbili, ama moja imebaki jikoni?”

Mwenyeji wetu hakutabasamu.

Baa yenyewe ipo kandokando ya barabara ya Arusha kwenda Namanga, katika kijiji ambacho magari hupunguza mwendo kwa sababu ya ng'ombe wanaovuka. Sitaitaja jina, kwa sababu zinazofanana nayo ni nyingi pande zote mbili za mpaka, na kwa sababu kilichotupata pale kinaweza kumpata msomaji yeyote wa ukurasa huu kabla ya wiki kwisha.

Mezani tulikuwa wanne: mama anayenunua vitunguu Mang'ola, wilayani Karatu, na kuvipeleka Kenya, mteja wake mpya, mama mwenye kizimba katika soko la Wakulima, Nairobi, dereva wa Noah tuliyokodi, na mimi. Fuso lenye magunia 60 lilikuwa limetangulia Namanga. Cheti cha afya ya mimea na karatasi nyingine za mzigo zilikuwa ndani ya mkoba wa mwenyeji wetu. Naomba msomaji aukumbuke mkoba huo.

Chakula chenye kazi

Hatukusimama pale kwa njaa tu. Wanawake hawa wawili walikuwa wamefanya biashara mara mbili kwa pesa taslimu. Safari hii ilikuwa ya kwanza kwa mali kauli, yaani mzigo unapakiwa leo na pesa inafuata ukishauzwa. Hakuna benki inayoidhinisha mali kauli. Inayoidhinisha ni sura ya mtu, neno lake, na mara nyingi sinia la nyama. Mwenyeji alitaka kumlisha mgeni wake kwenye ardhi yake kabla ya kumkabidhi mali yake. Kwa desturi zetu hilo lina uzito kuliko karatasi yenye sahihi.

Tulipofika, saa nane mchana, mhudumu alitupokea vizuri. Mwenyeji aliagiza kilo mbili za mbuzi, mbavu na mguu, kwa Sh18,000 za Tanzania kwa kilo, na ugali wa watu wanne. Mhudumu akasema nyama nzuri ipo, tukae tu tupumzike. Bucha lilikuwa hatua 20 kutoka mezani, mizani ikionekana kupitia dirisha la wavu. Hakuna aliyenyanyuka kwenda kutazama.

Nilimuuliza mwenyeji baadaye kwa nini hakwenda, yeye ambaye shambani huwa hafungi gunia bila kulikagua. Alijibu kwamba aliona aibu. Mgeni ameketi, yeye aende kusimamia gramu za nyama? Angeonekana bahili.

Mizani ya vitunguu mezani

Ni dereva aliyevunja ukimya. Alikwenda kwenye Noah akarudi na mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ambayo mwenyeji hutumia kuonjea uzito wa mifuko midogo shambani. Nyama ikatiwa kwenye mfuko safi, mfuko ukatundikwa kwenye ndoano, na meza nzima ikainama kusoma. Kilo moja na gramu mia moja.

Hapa inabidi kuwatendea haki wachomaji. Nyama mbichi si nyama iliyoiva. Moto hutoa maji na kuyeyusha mafuta, na kwa kawaida nyama ya kuchoma hupoteza kati ya robo na theluthi ya uzito wake. Kwa hiyo kilo mbili za bucha zikirudi kilo moja na nusu, hakuna aliyeibiwa. Hata zikirudi kilo moja na gramu mia tatu na kitu, moto mkali unaweza kuwa ndiyo sababu. Gramu mia moja juu ya kilo moja, tena mifupa ya shingo mahali ulipoomba mbavu na mguu, ni habari nyingine.

Na nyama yenyewe ilikuwa ngumu. Nje imeungua, ndani karibu na mfupa bado inavuja damu. Hilo nalo lina maelezo yake. Mbuzi aliyechinjwa asubuhi hiyo hiyo na kutupwa kwenye ndimi za moto hukaza misuli. Nyama ya namna hiyo inataka kutundikwa kwanza, kisha makaa yaliyotulia, igeuzwe polepole na kunyunyiziwa maji ya chumvi. Mchomaji mwenye haraka huiweka juu ya mwali, mafuta yanadondoka, moto unaruka, na ngozi ya nje inakuwa nyeusi kabla ya katikati kupata joto. Tulikuwa tumesubiri karibu saa mbili, lakini kwa jinsi ilivyotoka, mbuzi wetu hakukaa motoni hata nusu ya muda huo.

Tukala ugali kwa kachumbari. Mteja wa Nairobi, kwa adabu, alitafuna vipande viwili na kusema vinatosha.

Bili nayo

Bili ilipokuja iliandikwa kilo mbili na nusu. Mhudumu akaeleza kwamba mguu ulizidi kidogo na hawakutaka kuukata. Kwa hesabu hiyo nyama pekee ilikuwa Sh45,000, na pamoja na ugali, ndizi, soda na maji, jumla ikafika Sh63,000. Mwenyeji akaonyesha mizani yake. Mhudumu akamwita mtu wa bucha, mtu wa bucha akasema mizani hiyo si ya nyama. Sauti zikaanza kupanda. Mwishowe wakakubali kuhesabu kilo mbili tulizoagiza, jumla Sh54,000.

Mteja wa Nairobi, akitaka tu yaishe, alifungua pochi na kutoa noti za Kenya. Kaunta ikapiga hesabu: Sh3,600 za Kenya. Yaani walihesabu kila shilingi ya Kenya kwa shilingi 15 za Tanzania, wakati yeye mwenyewe alikuwa amebadilisha Namanga asubuhi ya jana yake kwa 19. Kwa kiwango cha Namanga, bili hiyo haikufika Sh2,850 za Kenya. Zaidi ya Sh750 zingepotea kwenye kaunta bila mtu kuinua kisu.

Mwenyeji akamzuia mkono, akalipa kwa simu. Risiti ya mashine hatukupewa. Tuliambiwa mtandao haupo, ingawa malipo ya simu yalikuwa yamepita dakika hiyo hiyo.

Tulipotoka, saa ilikuwa inakaribia kumi na mbili jioni.

Mkoba uliochelewa

Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani cha Namanga, kilichozinduliwa rasmi na marais wa nchi hizi mbili Desemba 2018, kimepunguza sana usumbufu wa kusimama mara mbili, huku na kule. Maofisa wa pande zote wanafanya kazi chini ya paa moja. Lakini hakuna jengo linaloweza kukagua karatasi ambazo zimo kwenye mkoba wa mtu aliyekaa baa akingoja mbuzi.

Fuso letu lilikuwa limefika saa tisa alasiri. Wakala wa forodha alipiga simu mara tatu wakati tunagombania bili. Tulipomfikishia cheti, malori mengine yalikuwa yametangulia kwenye foleni, na gari likavuka saa nane usiku. Lilipoingia Nairobi, kulikuwa kumekucha na msongamano wa asubuhi umeanza. Wanaolijua soko la Wakulima wanajua maana yake: wanunuzi wakubwa huja alfajiri, na jua likishachomoza bei huanza kulegea.

Kwa hiyo chakula kile hakikugharimu Sh54,000. Kiligharimu hizo, pamoja na alfajiri nzima ya soko.

Swali la njiani

Lililouma zaidi lilisemwa ndani ya Noah, katikati ya baa na Namanga, giza likianza kuingia. Mteja wa Nairobi alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, bila ukali wowote: “Mama, na vile vitunguu, vilipimwa na mizani gani?”

Halikuwa swali la dharau. Lilikuwa swali la mfanyabiashara ambaye ametoka kuona jinsi kilo inavyoweza kupotea kati ya dirisha na meza. Na jibu la kweli lilikuwa gumu, kwa sababu magunia yale hayakupimwa. Yalihesabiwa. Vitunguu vingi, kama viazi, bado vinauzwa kwa gunia la macho: limejaa, limeshonwa, linaitwa gunia la kilo mia. Mengine hujazwa hadi kufanya kilemba juu, lumbesa, ambayo humnyonya mkulima. Mengine hulegea tumboni, na hayo humnyonya mnunuzi.

Sheria ya Vipimo ya Tanzania inakataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo umeipiga vita kwa miaka mingi. Kenya nayo ina sheria yake ya vipimo na mizani, na maofisa wake wamo hadi kwenye kaunti. Katika nchi zote mbili mizani ya biashara inatakiwa kukaguliwa na kuwekewa alama. Ile ya bucha hatukuikagua alama yake. Ile ya mwenyeji wetu, aliyoitumia kuwaumbua wenye baa, haikuwa na alama pia. Alikiri mwenyewe.

Mwenyeji angeweza kukasirika. Alikaa kimya kilomita kadhaa, kisha akasema magunia yapimwe Nairobi, mbele ya watu wao wawili, na malipo yawe kwa kilo. Yakipungua, hasara ni yake. Yakizidi, mteja aongeze.

Walipima magunia kumi. Manne yalikuwa chini ya kilo mia, matatu yalizidi, matatu yalikaribia sawa. Tofauti ya jumla ilikuwa ndogo kuliko walivyohofia wote wawili. Mali kauli ikasimama. Tangu hapo wanauziana kwa kilo, na mwenyeji amenunua mizani iliyokaguliwa, yenye stika.

Kabla moto haujawashwa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa msafiri wa mpakani, daftari hilo huanzia kwenye meza ya chakula. Haya ndiyo tuliyojifunza kwa bei ya juu.

Uliza bei ya kilo kabla ya kukaa, na uliza kama ni bei ya nyama mbichi. Nenda buchani mwenyewe, onyesha kwa kidole sehemu unayotaka, simama mpaka mshale au namba itulie, na tazama kama mizani ina alama ya ukaguzi. Mchinjaji mwaminifu hachukii kutazamwa. Sehemu ikizidi uliyoagiza, ikatwe pale pale au ukubali kulipia ziada kabla haijaenda motoni.

Uliza itachukua muda gani, na kama una mzigo mpakani, agiza kwa simu kabla hujafika, au kula supu na chapati usonge mbele. Karatasi za mzigo zisafiri na mzigo.

Lipa kwa sarafu ya nchi uliyomo. Badilisha pesa kwenye duka lenye leseni, si kwenye kaunta ya baa. Ukilazimika kulipa kwa sarafu nyingine, uliza kiwango kabla ya kuagiza, si baada ya kula. Na dai risiti, ya EFD ukiwa Tanzania, ya eTIMS ukiwa Kenya. Risiti ndiyo ushahidi wako ukitaka kulalamika.

Kwa wenye baa za njiani, neno moja. Mfanyabiashara wa mpakani hapiti mara moja. Hupita kila wiki, akiwa na dereva, utingo na wateja, na huwaambia wenzake wapi pa kusimama. Gramu mia nne za mbuzi zinaweza kuuzwa mara moja tu.

Wiki tatu baadaye wanawake hao wawili walisafiri tena pamoja kwa barabara ile ile. Safari hii mteja wa Nairobi ndiye aliyekuwa mwenyeji, upande wa Kajiado. Walipofika kwenye bucha aliyoichagua, mgeni wake hakukaa. Waliingia wote wawili, wakasimama mbele ya mizani, na hakuna aliyemwita mwenzake bahili.