Kiti Kikibaki, Nani Hutangulia?

Msiba haubishi hodi, na maziko hayangoji. Wengi wetu tumewahi kukimbilia uwanja wa ndege, tukakuta viti vimejaa, tukaandikwa katika orodha ya kungojea. Tulidhani atanguliaye kufika ndiye atanguliaye kupanda. Sivyo.

Kwa kawaida mashirika hupanga kwa daraja. Walioachwa na ndege kwa kosa la shirika lenyewe huwekwa juu. Kisha hutazamwa uanachama wa wasafiri wa mara kwa mara na nauli iliyolipwa. Saa ya kujiandikisha huamua baina ya walio daraja moja. Wafanyakazi wanaosafiri kwa nauli ya punguzo huwa mwisho, nao hupangwa ama kwa miaka ya utumishi ama kwa saa ya kujiandikisha.

Jamaa walioandikwa pamoja, kikibaki kiti kimoja, huenda wakarukwa. Basi tuamue nyumbani nani atangulie endapo itatubidi kutengana. Tumweleze mhudumu habari ya msiba, kwani mara nyingine husaidia. Wala tusiondoke langoni hadi ndege ifungwe: jina likiitwa na mwenyewe hayupo, kiti humwendea anayefuata.