Kutoka Farah Aden hadi Salah Farah: Waigizaji na Historia ya Kaskazini Mashariki

Drama za kihistoria zinazowahusu Wasomali wa Kenya na majirani zao zimetengenezwa zaidi na kampuni za Ulaya na Marekani, na kwa miongo mingi kampuni hizo ziliwahitaji Wasomali katika hadithi bila kuwahitaji mbele ya kamera. Mfano unaojulikana zaidi ni Out of Africa, filamu ya Sydney Pollack ya mwaka 1985 iliyopigwa nchini Kenya. Farah Aden, Msomali aliyesimamia nyumba na shughuli za mwandishi Karen Blixen shambani karibu na Ngong, ni mhusika mzito katika kisa hicho. Aliyemwigiza ni Malick Bowens, mzaliwa wa Mali. Msomali halisi aliyeonekana wazi ni Iman, mzaliwa wa Mogadishu aliyewahi kusoma Chuo Kikuu cha Nairobi, naye alipewa nafasi ndogo ya Mariammo.

Bowens aliicheza nafasi yake kwa heshima na utulivu, na si haki kumlaumu. Lakini chaguo lake linaonyesha kanuni ya wakati ule: watazamaji waliokusudiwa walikuwa London na New York, nao wasingejua tofauti ya sura wala lafudhi kati ya mtu wa Bamako na mtu wa Kismayo. Mtazamaji wa Bulla Iftin mjini Garissa angeijua kabla mhusika hajafungua kinywa, kwa jinsi anavyotembea tu.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyowaweka watengenezaji filamu mbali na eneo lenyewe. Hali ya hatari iliyotangazwa Kaskazini Mashariki mwezi Desemba 1963, vita vya Shifta vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya vilipoanza, haikuondolewa hadi 1991. Kwa miaka hiyo yote mkoa ulikuwa chini ya sheria zake peke yake, na msafiri wa kawaida tu alikaguliwa kipande mara kadhaa njiani. Sembuse kundi la watu wenye kamera na malori ya vifaa. Hadithi za eneo zikaigizwa kwingine, na watu wengine.

Black Hawk Down ya Ridley Scott, iliyotoka 2001, iliufikisha mtindo huo kileleni. Ni filamu ya mapigano ya Mogadishu ya Oktoba 1993, ilipigwa Morocco, na nafasi kubwa za Wasomali zilichezwa na wasio Wasomali: George Harris, Mwingereza mzaliwa wa Grenada, alikuwa mfanyabiashara Osman Atto, na Razaaq Adoti, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, alikuwa kiongozi wa wapiganaji. Atto mwenyewe alikuwa hai wakati filamu inatoka, akasema hadharani kwamba jinsi kukamatwa kwake kulivyoonyeshwa haikuwa kweli. Ni hali ambayo mwigizaji wa drama za wafalme wa kale haijui: mtu unayemwigiza yuko nyumbani kwake, anakutazama, na ana simu ya kuwapigia waandishi wa habari.

Mabadiliko yalianzia mbali na Afrika. Mwaka 2011 watayarishaji wa filamu ya Captain Phillips waliitisha usaili wa wazi Minneapolis, mji wenye Wasomali wengi kuliko mwingine wowote Marekani. Watu zaidi ya 700 walijitokeza, wakachaguliwa wanne: Barkhad Abdi, Barkhad Abdirahman, Faysal Ahmed na Mahat M. Ali. Hakuna kati yao aliyewahi kuigiza filamu; Abdi alikuwa amefanya kazi ya udereva. Kisa chenyewe kilikuwa cha juzi tu. Meli ya Maersk Alabama ilitekwa na maharamia tarehe 8 Aprili 2009 ikiwa inaelekea Mombasa, na nahodha wake akaokolewa siku nne baadaye.

Kazi ya wanne hao ilianza na mwili. Walifundishwa kuogelea, kuendesha boti ndogo katika mawimbi, kupanda ngazi ubavuni mwa meli na kushika silaha kama watu waliozizoea. Upigaji ulifanyika kwa sehemu kubwa baharini, katika Mediterania karibu na Malta, na sehemu ya mwisho ndani ya mashua ya kuokolea iliyofunikwa pande zote, yenye joto na inayoyumba muda wote. Mwelekezi Paul Greengrass aliwatenga kwa makusudi na Tom Hanks, aliyemwigiza nahodha. Hawakusalimiana naye, hawakula naye, hadi siku walipovunja mlango wa chumba cha usukani mbele ya kamera na kumkuta hapo. Maneno mashuhuri ambayo Abdi anamwambia Hanks kwamba sasa nahodha ni yeye hayakuwa kwenye muswada. Yalimtoka papo hapo.

Mbinu hiyo huleta uhai, lakini ina bei yake kwa asiye na uzoefu. Mwigizaji aliyesomea kazi anajua namna ya kuingia katika ukatili na kutoka, akavua uhusika pamoja na nguo. Mgeni wa kazi hana mlango huo wa kutokea, na kumtenga na wenzake kunamwongezea mzigo. Malipo nayo hayakulingana na sifa. Abdi aliteuliwa kuwania Oscar na akashinda tuzo ya BAFTA mwaka 2014, ilhali iliripotiwa kwamba alilipwa dola 65,000 katika filamu iliyoingiza zaidi ya dola milioni 200, na baada ya kupiga filamu alirudi kufanya kazi katika duka la simu. Kubwa kuliko fedha ni kwamba mlango uliofunguka ulikuwa mwembamba: Msomali alihitajika sasa, ila akiwa na bunduki mkononi.

Hapo ndipo Watu Wote ya mwaka 2017 inapopata uzito wake. Ni filamu fupi, haifiki nusu saa, iliyoelekezwa na Katja Benrath kama kazi ya kuhitimu katika Hamburg Media School ya Ujerumani, ikitengenezwa kwa ushirikiano na Wakenya na kuzungumzwa kwa Kiswahili na Kisomali. Inasimulia shambulio la tarehe 21 Desemba 2015 karibu na El Wak, kaunti ya Mandera, wapiganaji wa al-Shabaab walipolisimamisha basi na kuwaamuru abiria wajitenge, Waislamu upande wao na Wakristo upande wao. Abiria Waislamu walikataa. Watu wawili waliuawa. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule moja Mandera, alipigwa risasi na akafariki Nairobi Januari 2016. Miezi miwili baadaye Rais Uhuru Kenyatta alimtunukia nishani. Uamuzi wa abiria wale unaeleweka zaidi ukikumbuka yaliyotangulia: tarehe 22 Novemba 2014, katika kaunti hiyohiyo, abiria 28 wasio Waislamu walitolewa ndani ya basi wakauawa, na tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa.

Abdiwali Farrah alimwigiza Salah, na Adelyne Wairimu akamwigiza Jua, mama Mkristo aliyepoteza mume na mtoto katika shambulio la awali na anayepanda basi akiwa amejawa na chuki. Katika orodha ya waigizaji yumo pia Barkhad Abdirahman, mmoja wa wale wanne wa Minneapolis. Safari hii Msomali mwenye bunduki na Msomali anayemkabili wako katika tukio moja, wanabishana kwa lugha moja na kwa dini moja, jambo linalowadai waigizaji zaidi ya kukunja uso.

Tukio la hijabu linafaa kutazamwa kwa makini. Wapiganaji wanakaribia, na abiria Waislamu wanamfunika Jua haraka ili asitambulike. Mwanamke aliyezoea mtandio huuzungusha na kuubana bila kuutazama. Asiyeuzoea hushika sikio, huvuta ukingo, hurekebisha tena na tena. Ugeni wa Jua ni sehemu ya hadithi, hivyo Wairimu hakuhitaji kuuficha. Aliyehitaji vidole vyepesi ni yule anayemfunika. Vidole vikikosea kwa sekunde mbili tu, watazamaji wa Wajir na Mandera watajua kwamba ni maigizo.

Lugha ni mtego mkubwa zaidi. Kisomali hakina sauti za p, v na z, na wachekeshaji wa televisheni Nairobi wameifanya tofauti hiyo kuwa kichekesho cha kudumu: pesa huwa besa, kila sentensi huanza na warya, neno la Kisomali la kumwita mtu. Mwigizaji akiileta lafudhi hiyo katika kisa cha mauaji, mtazamaji atacheka mahali pasipo pa kucheka. Tena si sahihi kwa mhusika kama Salah, kwa kuwa mwalimu aliyeshika chaki miaka mingi huongea Kiswahili cha darasani. Kisomali chenyewe kinatofautiana: cha Garissa si kile cha Mandera, ambako Wagarre wana lugha yao, na kijana aliyelelewa Minnesota huenda akahitaji kusahihishwa na mzee wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, kabla ya kamera kuwashwa.

Kuna silaha pia. Bunduki za filamu hutumia risasi baridi, na katika nchi ambako mlio wa aina hiyo barabarani unaweza kumfanya jirani apige simu kituo cha polisi, wakazi na askari hujulishwa mapema. Filamu yoyote nchini Kenya huhitaji leseni chini ya sheria ya filamu na michezo ya jukwaani.

Watu Wote ilipata tuzo ya dhahabu katika Oscar za wanafunzi mwaka 2017, kisha ikateuliwa kuwania Oscar yenyewe, iliyotolewa Machi 2018, ingawa haikushinda. Kwa waigizaji wa Kenya thamani yake ilikuwa pia katika mpangilio wa kazi: fedha na mwelekezi walitoka Ujerumani, lakini maneno, nyuso na mwendo vilitoka hapa. Wa kuendeleza mpangilio huo wanaandaliwa polepole. Shirika la FilmAid limefundisha vijana wakimbizi wa Dadaab, katika kaunti ya Garissa, kuandika na kupiga filamu, na Eastleigh ina vijana wake wanaoigiza kwa Kisomali na Kiswahili.

Visa vizito zaidi vya eneo bado havijafika mikononi mwa waigizaji. Mauaji ya Wagalla ya Februari 1984 katika kaunti ya Wajir yalipata filamu ya Judy Kibinge, Scarred, mwaka 2015, lakini hiyo ni filamu ya hali halisi ambamo walionusurika wanajisemea wenyewe. Mwaka 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisikiliza ushahidi Garissa, Wajir na Mandera, kuhusu Wagalla na pia kuhusu mauaji ya Garissa ya 1980, na ripoti yake ilikabidhiwa Rais Mei 2013. Mwelekezi atakayeigeuza kuwa drama atakuwa na maneno ya mashahidi wenyewe ya kuanzia kazi, na waigizaji wake wataweza kuwatembelea baadhi ya mashahidi hao kabla ya kupiga filamu, maana wengine bado wako hai.