Rangi ya Kinyago na Ukweli wa Mti

Lipo swali moja ambalo kila mchongaji hulikabili pindi tezo na patasi zinapowekwa kando, na msasa ukawa umekwisha kulainisha kila pembe. Je, kinyago kipakwe rangi, au kiachwe jinsi mti wenyewe ulivyo? Wengi hudhani kwamba hili ni suala la mapendeleo tu: huyu apenda chekundu, yule apenda cha asili. Mimi sioni hivyo. Naona ni suala la ukweli, na jawabu lake lagusa mfuko wa mnunuzi, heshima ya fundi na uhai wa misitu yetu.

Tuanze na lugha, kwani mara nyingi lugha huhifadhi hekima ambayo wasemaji wenyewe wameisahau. Kitenzi "kupaka" kina nyuso mbili katika Kiswahili. Bi harusi hupakwa hina, na hapana anayesema kwamba amefichwa; amepambwa ili kila mtu ajue kwamba leo ni siku yake. Lakini pia twasema kwamba fulani amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, yaani amelaghaiwa kwa maneno matamu. Kitenzi ni kile kile. Tofauti imo katika nia ya mpakaji, na katika kile anachotaka mtazamaji akiamini.

Wapo wanaoshikilia kwamba kinyago halisi cha Kiafrika ni kile kisichoguswa na rangi, na kwamba rangi ni tamaa ya soko la watalii. Dai hili halina mashiko. Wagiriama na Wamijikenda wengine wamekuwa wakichonga vigango kuwakumbuka wazee wao waliofariki, na vigango hivyo hupakwa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Rangi hapo ni sehemu ya heshima anayopewa marehemu, si mapambo ya dukani. Wamakonde nao, ambao sifa zao zimeenea duniani kwa vinyago vya mpingo visivyopakwa chochote, ndio hao hao wanaochonga mapiko, barakoa za ngoma za unyagoni, kwa mti mwepesi na kuzitia rangi. Jamii ile ile hupaka huku na kuacha kule, kwa kuwa kila kazi ina lengo lake na kila mti una tabia yake.

Wala mzozo huu si wetu peke yetu. Huko Ujerumani, mchongaji Tilman Riemenschneider alikamilisha sanamu za madhabahu ya kanisa la Münnerstadt mnamo 1492, akaziacha na sura ya mti, isipokuwa rangi kidogo machoni na midomoni. Waumini walizoea sanamu zenye rangi kamili na dhahabu. Miaka kumi na miwili hivi baadaye, bwana mwingine wa fani hiyo, Veit Stoss, akapewa kazi ya kuzipaka. Wakati huo kilichowashangaza watu ni mti mtupu, si rangi.

Basi ikiwa rangi yenyewe si dhambi, tatizo liko wapi? Turejee nyumbani. Uchongaji wa kibiashara Ukambani huhusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kazi hiyo kwa Wazaramo wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia (1914–1918), kisha akairejesha kwao. Kutoka Wamunyu fani ilienea hadi Nairobi na Mombasa, ikalisha na kusomesha watoto wengi. Miti iliyopendwa ni mpingo na muhugu. Mpingo ni mti wa ajabu: kiini chake ni cheusi, ni mzito hata huzama majini, na huchukua miongo mingi kukomaa. Ulikatwa bila ya kupandwa tena, ukaadimika. Wachongaji wakageukia jakaranda, mwembe na mwarobaini, ambayo hukua upesi.

Hapo ndipo mgongo wa chupa ulipoingia. Mnunuzi alikuwa amekwisha kufundishwa kwamba kinyago bora ni cheusi. Basi mti mweupe ukapakwa rangi ya viatu, ukasuguliwa hadi ukang'aa, ukauzwa kwa jina la mpingo. Hasara yake ni ya aina tatu. Mnunuzi hulipia kitu asichopewa, na akigundua, huacha kumwamini hata fundi mwaminifu. Fundi naye hulazimika kuficha ustadi wake nyuma ya jina la mti mwingine. La tatu ndilo baya zaidi: kila kinyago bandia huendeleza imani kwamba weusi wa mpingo ndio kipimo pekee cha uzuri, na imani hiyo ndiyo inayopeleka shoka porini. Tangu Januari 2017 mpingo umo katika orodha ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa mkataba. Mti uliofikia hali hiyo hauhitaji waigaji wa kuusifia.

Rai yangu ni hii. Mti wenye mishipa na rangi yake ya kupendeza, kama muhugu au mwarobaini uliokomaa, uachwe ulivyo, upakwe nta ya nyuki au mafuta tu ili uonekane vizuri zaidi. Mti mweupe usio na mvuto, kama jakaranda, upakwe rangi bila ya haya: twiga awe wa manjano na kahawia, kanga awe na madoa yake, samaki awe wa buluu akipenda fundi. Rangi ya aina hiyo haimdanganyi mtu, kwani hapana anayeamini kwamba mti wa buluu huota mwituni. Na kibandiko cha bei kitaje jina la mti, bila ya kuficha.

Ipo pia miiko ya kiufundi. Mti mbichi usipakwe, kwani unyevu ukizibwa ndani hutafuta njia ya kutokea, na rangi hubanduka au mti hupasuka ukifika penye hewa kavu. Na mwiko au bakuli la chakula lisiguswe na rangi ya viatu kamwe.

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Aghalabu methali hii hutumiwa kuyakejeli mapambo. Lakini tuitazame tena: mkakasi haujawahi kukana kwamba ndani yake ni mti. Umepambwa, na kila mwenye kuufungua hukiona kipande chenyewe. Kosa ni la yule anayekipaka kipande hicho ili akiite jina lisilo lake. Mchongaji akijiuliza rangi yake inasema nini kuhusu mti ulio chini yake, atajua kama aichovye brashi au airudishe mkobani.