Filamu mtandaoni: makampuni yanagombania watazamaji, mega inabaki ghali

Mtu wa Goma, Bukavu ao Bunia mwenye simu na mega anaweza leo kutazama filamu siku ileile inapotoka Paris ao New York. Nyuma ya filamu hiyo kuna vita kubwa ya pesa.

Netflix, kampuni ya Marekani, ilianzishwa mwaka wa 1997 ikikodisha DVD kwa njia ya posta. Mwaka wa 2007 ilianza kuonyesha filamu kupitia intaneti, na Januari 2016 ikaingia nchi 130 kwa mara moja, zikiwemo nyingi za Afrika. Disney+ ilifuata Novemba 2019. Ushindani ukawa mkali, hata Netflix ikapoteza wateja katika miezi sita ya kwanza ya 2022. Ilijibu kwa kuleta abonema ya bei ya chini yenye matangazo, kisha ikakataza nyumba mbalimbali kutumia neno la siri moja. Mwisho wa 2024 ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 300.

Afrika, mambo ni magumu zaidi. Novemba 2023, Netflix ilifunga huduma yake ya bure nchini Kenya. Januari 2024, Amazon ilisimamisha kugharimia filamu mpya za Kiafrika, na watengenezaji wa Nigeria na Afrika Kusini wakapoteza mnunuzi mkubwa.

Wengine wameamua kuungana. Juni 2025, Canal+ na Netflix zilitangaza makubaliano ili wateja wa Canal+ katika nchi 24 za Afrika zinazotumia Kifaransa wapate Netflix kwenye dekoda. Septemba mwaka huohuo, Canal+ ikachukua MultiChoice ya Afrika Kusini, iliyokuwa na Showmax.

Kwa familia ya mashariki mwa Congo, abonema si gharama pekee. Saa moja ya filamu yenye picha ya kawaida inaweza kula karibu giga moja, na picha safi mpaka giga tatu. Umeme nao unakatika, na wengi hawana kadi ya benki: wanalipa kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Dekoda inapunguza shida ya malipo, lakini filamu za intaneti bado zitahitaji mega.

Watengenezaji filamu nao wana wasiwasi wao: makampuni yakiungana, wanunuzi wanapungua, na anayebaki ndiye anapanga bei.