Kisukari na saumu: usingoje mwezi uandame



Ramadhani moja nikiwa zamu, siku za mwanzo mwanzo, baada ya Alasiri aliletwa mzee mvuvi akiwa hajitambui. Watu wa Ujiji na Kibirizi wanajua: mwezi ukiwa bado mwembamba giza ni zito ziwani, dagaa wanafuata taa, na mvuvi halali. Mzee alirudi mwaloni karibu na Alfajiri, akanywa chai harakaharaka, akameza kidonge chake cha glibenklamaidi kama siku zote, akaswali, akalala. Nyumbani wakadhani saumu imemchosha. Tulipompima, sukari ilikuwa 1.8. Akawekewa dripu ya glukosi, alhamdulillah akafumbua macho, na neno lake la kwanza likawa: "Mmenifuturisha?"

Kosa lilikuwa langu kabla ya kuwa lake. Mwezi wa Shaabani nilimpima mwenyewe, nikamwandikia dawa zilezile, sikumuuliza kama atafunga. Naye hakuniambia. Alihofia nitamkataza.

Jambo hili lina utafiti wake. Mwaka 2001 wagonjwa wa kisukari 12,243 walifuatiliwa katika nchi 13, kuanzia Morocco hadi Indonesia. Matokeo yalitolewa mwaka 2004: kwa wenye kisukari cha aina ya pili, kushuka sukari kwa kiwango cha kulazwa hospitali kuliongezeka mara 7.5 mwezi wa Ramadhani kuliko miezi mingine. Afrika Mashariki haikuwemo, lakini vidonge ni vilevile na mwili wa binadamu ni uleule.

Usikomee hapo ukasema basi, mgonjwa asifunge. Mwaka 2010 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya wagonjwa 111. Baadhi yao walifundishwa kabla ya Ramadhani namna ya kula, kupima na kutumia dawa, wengine hawakufundishwa. Kwa waliofundishwa, matukio ya sukari kushuka yalipungua kutoka 9 hadi 5. Kwa wasiofundishwa yalipanda kutoka 9 hadi 36. Ni watu wachache, nakubali, lakini angalia: hapakuwa na dawa mpya. Yalikuwa mazungumzo tu.

Kwa hiyo njoo kliniki wiki sita hadi nane kabla, yaani Rajabu, usingoje mwezi uandame. Mwambie tabibu wazi kwamba unakusudia kufunga, unafanya kazi gani na unalala saa ngapi. Wapo watakaoambiwa wasifunge: mwenye figo zilizochoka, mjamzito anayetumia insulini, aliyezimia kwa kushuka sukari miezi ya karibuni. Hao wana rukhsa katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Suala la kulipa au kutoa fidia mpelekee sheikh wako. Mimi ni tabibu.

Atakayefunga asiache dawa, wala asizipange mwenyewe. Metifomini kwa kawaida huhamia futari na daku. Glibenklamaidi ndiyo yenye hila, kwa kuwa huendelea kushusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Tabibu anaweza kuibadilisha au kupunguza ya daku. Insulini ya daku nayo hupunguzwa.

Wengi wanakataa kutobolewa kidole mchana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa kutolewa damu ya kipimo hakufunguzi. Pima basi. Ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, fungua hapohapo, hata kama imebaki nusu saa.

Na daku ichelewe. Jua la Kigoma liko nyuma ya Dar es Salaam kwa kama dakika 40. Wakati wa Magharibi kila mtu analikumbuka hilo, lakini Alfajiri wapo wanaojizuia kwa adhana ya redio ya Dar, wakajiongezea njaa ambayo hawakufaradhishiwa. Kula maharage, dagaa na mboga, si chai na andazi. Kwenye futari, muhogo na magimbi viwe vipande vichache, na uji usijazwe sukari.

Mwaka uliofuata yule mzee alikuja Rajabu pamoja na mkewe. Mama ndiye aliyeuliza sana: dalili ni zipi? Nikamwambia jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kusema ovyo. Akiona hivyo ampe glasi ya maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, wasubiri dakika 15, wapime tena. Akiwa hawezi kumeza asimtie kitu mdomoni, amlaze ubavu na kumkimbiza hospitali. Mama akasema sukari ataiweka kichwani pa kitanda, na ya pili ndani ya mtumbwi.